Ndege Zimezuiwa Kuruka; na Kijana Naye Je?



Mwezi huu tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa, kwa kuwa tumepokea barua ya baba mmoja wa Kidahwe, mkoani Kigoma, ambayo tuliisoma mara mbili kisha tukaona haifai kujibiwa faraghani. Kidahwe, kwa asiyepajua, ni pale barabara itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, mkono mmoja ukaelekea Kasulu na mwingine Uvinza. Baba huyu ni mtu wa michikichi na mawese. Kijana wake alipomaliza kidato cha sita na kufaulu vema Fizikia na Hisabati, alisema anataka kuwa rubani. Na baba, baada ya kushauriana na mkewe na ndugu zake, aliuza sehemu ya shamba akampeleka katika chuo kimoja cha urubani kilicho mbali na kwao. Chuo hicho hatutakitaja, kwa maana hatujausikia upande wake, na si desturi ya ukurasa huu kumhukumu asiyekuwapo.

Kijana alisoma masomo ya darasani akayafaulu yote. Akaanza kuruka. Alipofikisha saa 31 angani, ndege ya kwanza ya chuo ikasimamishwa kwa ajili ya injini. Wiki chache baadaye ya pili ikasimamishwa, ikingoja pangaboi litokalo ng'ambo. Ya tatu ilikuwa nzima, ila karatasi zake zilikutwa na kasoro, nayo ikafungwa. Miezi 11 imepita tangu hapo. Kila alipouliza aliambiwa, "Wiki ijayo." Kodi ya chumba ikala akiba yote. Cheti chake cha afya kikaisha muda, na kukipata kipya ni fedha nyingine. Alikuja nyumbani kwa Idi na hajarudi. Barazani vijana wenzake wamekwisha mpa jina: "rubani wa miguu". Sasa asema heri anunue pikipiki abebe abiria wa Kidahwe na Kigoma, maana pikipiki haingoji pangaboi.

Baba auliza mambo mawili. Je, amlazimishe mwanawe kurudi chuoni? Na je, ana haki ya kukasirika, au hasira yake ni upungufu wa subira?

Tutaanza na hili la hasira, kwa sababu tumeona katika barua kwamba baba ameielekeza mahali pasipo pake. Anawalaumu zaidi ya wote wakaguzi waliozifunga ndege. Asema ndege ya tatu ilikuwa nzima kabisa, fundi mwenyewe alimhakikishia kijana hivyo, na ati ni ukaidi wa makarani tu uliomzuia. Hapa, mzee wetu, hatuko pamoja nawe, na twaomba utusikilize.

Mwaka 2018, tarehe 29 Oktoba, ndege ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air ilianguka baharini karibu na Jakarta, Indonesia. Aina ile ya ndege haikuzuiwa kuruka. Ilitolewa miongozo, ikaongezwa maelezo, na safari zikaendelea. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ya aina hiyo hiyo, ya Ethiopian Airlines, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi na dakika sita baadaye ikaanguka, wakafa watu wote 157 waliokuwamo, na Wakenya walikuwa wengi miongoni mwao kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndipo dunia nzima ikazifunga ndege zile, zikakaa chini zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waliokufa katika ajali mbili hizi ni 346. Jamaa zao wangetoa nini ili mkaguzi mmoja mkaidi, baada ya ile ajali ya kwanza, akatae kuweka sahihi yake?

Na karatasi si upuuzi. Ndege ndogo za kufundishia, kama Cessna 172 ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia, hukaguliwa kila zinapotimiza saa 100 za kazi, pamoja na ukaguzi wa kila mwaka na mwingine mdogo wa kati. Injini yake ina saa zake zilizopangwa, kwa kawaida 2,000, kisha hufunguliwa na kufanywa upya. Sasa fundi atajuaje injini imefanya saa ngapi, kama si kwa daftari? Injini haina kinywa cha kujieleza. Bolti iliyobadilishwa na bolti iliyosahauliwa hufanana ukizitazama kwa nje. Kinachozitofautisha ni maandishi ya aliyeibadilisha, na sahihi yake, na tarehe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya Suratul Bakara inayowaamuru watu waandikiane deni na wasichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Ikiwa deni la fedha lina hukumu nzito namna hiyo, je, deni la roho ya mtoto aliyekabidhiwa mwalimu angani futi 3,000?

Vijana wetu hupenda kutajiwa habari za Abbas bin Firnas wa Kurtuba, mtu wa karne ya 9, ambaye yasimuliwa alijifunga mabawa akajirusha kutoka mahali pa juu, akaelea kitambo, kisha akaumia mgongo katika kutua. Hao waliosimulia habari zake waliongeza kwamba hakuwa ameangalia namna ndege anavyotumia mkia anapotua. Tunamtaja kwa fahari, na ni haki yake. Lakini aghalabu tunaiacha ile sehemu ya mkia.

Basi, mzee wetu, ndege ikifungwa kwa kuwa haijathibitishwa kuwa salama, mwanao amelindwa. Usimkasirikie aliyemlinda. Hata hivyo hatukuambii unyamaze, maana liko jambo jingine ambalo hasira yako inalistahili kabisa. Ili tulieleze vizuri tutakupeleka Uingereza kidogo, ambako mambo kama haya yaliwapata vijana wengi mno kwa mara moja, na mwanzo na mwisho wake vinajulikana.

Waingereza wanacho chama cha vijana kilichoundwa mwaka 1941, wakati wa vita, kuwaandaa wavulana kwa ajili ya jeshi la anga. Vita vilikwisha, chama kikabaki, na kwa miaka mingi sasa kinachukua wavulana na wasichana kuanzia miaka 12 hivi mpaka kabla ya 20. Huwaita makadeti. Hawalazimiki kuingia jeshini. Kinachowavuta wengi wao ni kitu kimoja: kurushwa, na baadaye kurusha wenyewe. Zilikuwapo glaida za aina mbili, Viking isiyo na injini, ambayo huvutwa na waya hata ikapanda, na Vigilant yenye injini ndogo. Kijana wa miaka 16, ambaye kwa sheria hajaruhusiwa hata kuendesha motokaa, aliweza kufundishwa mwisho wa juma mpaka siku moja mwalimu akateremka, akafunga kifuniko, akamwacha apande peke yake. Walimu walikuwa wa kujitolea, watu wenye kazi zao za Jumatatu hadi Ijumaa.

Mwezi Aprili mwaka 2014 glaida hizo zote zilisimamishwa. Zilikuwa 146. Haikuwa kwa sababu ya ajali. Iliyogunduliwa ni kwamba matengenezo na kumbukumbu zake havikutosha kumthibitishia mtu kwamba kila moja inafaa kuruka. Ni karatasi, kama ile ndege ya tatu ya kijana wa Kidahwe. Hatujaona mtu mwenye akili aliyesema kwamba kuzisimamisha lilikuwa kosa. Kosa lilikuja baadaye, nalo ni la muda. Iliitwa "kusitisha", neno linalomfanya mtu adhani ni la wiki chache. Wiki zikawa miezi. Mwaka 2015 ukaja ukapita. Na ilikuwa Machi 2016 ndipo serikali ilipotangaza mpango kamili: Viking zisizopungua 73 zitengenezwe, Vigilant zisizozidi 15, na vikosi vingi vya wale walimu wa kujitolea vivunjwe. Hata hizo Vigilant hazikudumu. Mwaka 2018 ziliondolewa kazini kabisa.

Hebu mzazi ahesabu nasi. Kadeti aliyekuwa na miaka 14 siku ile ndege ziliposimamishwa, alikuwa na 16 siku mpango ulipotangazwa, na 18 mwaka Vigilant zilipoondolewa. Akawa mtu mzima, akaondoka chamani. Alipiga gwaride, alipiga pasi sare yake kila wiki, alijifunza majina ya mawingu na kanuni za hewa, na glaida aliiona hangani imefunikwa turubai. Kilichowachoma wengi zaidi ni kwamba ndege za namna zile zile, zilizotengenezwa Ujerumani na kiwanda kile kile cha Grob, ziliendelea kuruka katika vilabu vya kiraia ng'ambo ya uzio. Walimu nao walitawanyika. Mwalimu wa kujitolea akikaa miaka miwili bila kuruka hupoteza wepesi wa mkono, kisha hupoteza hamu, kisha hupata shughuli nyingine ya Jumamosi. Na mwalimu aliyepotea hatengenezwi kiwandani kama pangaboi. Ndiyo maana hata ndege zilipoanza kurudi moja moja, watu wa kuzifundishia hawakuwa wengi kama zamani.

Hapo ndipo ilipo haki ya hasira, mzee wetu. Ndege inafungwa kwa siku moja, tena kwa haki. Lakini kijana hafungwi na mkaguzi. Hufungwa na yule anayemwambia "wiki ijayo" hali akijua kwamba pangaboi bado halijalipiwa.

Mtu asidhani tumekwenda Uingereza kwa kuwa kwetu hayapo. Yapo, na yalianza zamani. Mwaka 1971 iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani na ufundi wa ndege huko Soroti, Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na shirika lake la usafiri wa anga, ICAO. Kilikuwa chuo cha nchi zote tatu: kijana wa Kigoma, wa Kisumu na wa Mbale wakae benchi moja. Miaka sita tu baadaye, 1977, Jumuiya ikavunjika. Shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likafa mwaka huo huo, ndege zake nyingi zikiwa Nairobi, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ikaunda shirika lake kuanzia karibu na sifuri. Soroti ilibaki Uganda na Uganda ikaitunza kwa kadiri ya uwezo wake, katika miaka ambayo nchi hiyo ilikuwa na vita na misiba ya kila namna. Kwamba chuo hakikufa ni jambo la kushukuriwa. Lakini magazeti ya Uganda yameandika mara nyingi habari za wanafunzi wa Soroti ambao kozi ya miaka miwili huwavuta zaidi ya hapo, kwa sababu ndege nzima ni chache kuliko wanafunzi.

Na sisi huku Tanzania, ambao baada ya 1977 hatukuwa na chuo cha serikali cha kufundishia marubani, tuliwapeleka vijana wetu Afrika Kusini, Ethiopia, Kenya na kwingineko kwa fedha nyingi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kimekuwa katika miaka hii ya karibuni kikijiandaa kuifanya kazi hiyo hapa hapa nchini. Twakiombea heri, na twatumaini kwamba wakubwa wake wamekwisha jifunza kwa wenzao kwamba kununua ndege ni kazi nyepesi, na kuitunza iruke mwaka wa saba ni kazi nyingine.

Hata mashirika makubwa hayakusalimika. Mwaka 2022 shirika letu la ndege lililazimika kupunguza safari kwa kuwa Airbus A220 zake zilikuwa na matatizo ya injini za Pratt & Whitney, ambazo sehemu zake zilichakaa kabla ya muda uliotarajiwa, na foleni ya kuzitengeneza ilikuwa ya dunia nzima. Abiria walinung'unika, na tuliwasikia. Ila shirika lilitoa tangazo, likataja aina ya ndege, likataja injini, likaeleza sababu. Mtu aliyesoma alijua angalau ajipange vipi.

Watu wa Kigoma, kwa hakika, si wageni wa kungojea chombo kilichosimama. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani ikaletwa kwa vipande mpaka ziwani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini 1927, imewazoeza kungoja vizazi na vizazi. Na katika miaka hii ya karibuni ilifungwa tena bandarini ikihitaji matengenezo makubwa. Tena mwaka ule ule wa 1916, mwezi Juni, ndipo eropleni zilipoonekana juu ya Kigoma zikiwa na mabomu: zilikuwa za Wabelgiji, za kutua majini, zilizovuka ziwa kutoka upande wa Kongo kuja kuipiga meli ile. Tumeyataja haya ili msomaji wa mbali afahamu kwa nini baba wa Kidahwe aliuza michikichi yake. Kwa zaidi ya miaka 100 ndege katika nchi ile imekuwa kitu kinachokuja na watu wengine ndani yake. Yeye alitaka mwanawe awe ndani, mbele, upande wa kushoto anapokaa rubani mkuu.

Sasa tuje kwenye lile swali la kwanza: je, amlazimishe kurudi?

Tunasema asimlazimishe kurudi kungoja. Amsindikize kwenda kuuliza. Kuna tofauti. Baba aende pamoja naye, au amtume mjomba anayejua kusoma mikataba, na wasiulize "lini?" maana swali hilo limekwisha jibiwa mara nyingi bila kujibiwa. Waulize: ndege ya kwanza, injini yake imepelekwa wapi na imelipiwa kiasi gani? Pangaboi limeagizwa tarehe gani, na hati ya kuagizia iko wapi? Ndege ya tatu inakosa karatasi ipi, na nani anaishughulikia? Mwenye kusema kweli hujibu maswali hayo kwa dakika kumi, hata kama majibu ni mabaya. Wakubwa wa chuo wakisema "hatuna fedha ya injini, na hatujui tutaipata lini", hilo ni jibu jema kuliko "wiki ijayo" zote walizosema, kwa sababu kijana ataweza kupanga maisha yake juu yake. Kisha waulize habari ya ada. Fedha iliyolipwa kwa saa za kuruka ambazo hazijarushwa bado ni mali ya aliyelipa. Iko mikononi mwa chuo kama amana, na amana katika dini yetu haina mjadala mrefu. Wadai iandikwe ni saa ngapi zimebaki, na ama zirushwe, ama zihamishiwe chuo kingine, ama zirudishwe. Wadai kwa adabu, na kwa maandishi, na wabaki na nakala. Wakikosa majibu, ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo inayoviruhusu vyuo hivi kufundisha, na kuipelekea malalamiko si uchongezi.

Wazazi wengine wanaofikiria kuwapeleka watoto katika masomo haya wasisubiri mpaka yawafike. Kabla ya kulipa, mzazi aulize ndege za kufundishia ni ngapi, na ngapi kati yao ziliruka juma lililopita. Afike hangani azione. Ndege yenye vumbi juu ya mabawa na matairi yaliyokaa haihitaji mtaalamu kuisoma. Aulize pia habari ya mafuta, jambo ambalo wengi hawalijui: ndege hizi ndogo za zamani hutumia petroli yake maalumu, ambayo katika Afrika huadimika na bei yake hupanda, wakati ndege kubwa hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yanayopatikana katika kila kiwanja kikubwa. Kwa sababu hiyo vyuo vingine vimehamia kwenye ndege ndogo zenye injini za dizeli zinazokubali mafuta hayo ya ndege kubwa. Ndege nzima isiyo na petroli imefungwa vile vile. Na kama inawezekana, mzazi asilipe fedha yote kwa mara moja. Alipe kwa kadiri kijana anavyoruka.

Kijana mwenyewe tuna maneno naye. Mwanangu, tunajua miezi 11 ni mingi katika umri wako kuliko ilivyo katika umri wetu. Hatutakuambia kwamba haikupotea. Lakini usiwape wale wa barazani ushindi ambao hawakuufanyia kazi. Saa 31 si haba. Kwa kanuni za ICAO leseni ya rubani binafsi huhitaji saa 40, au 35 ukiwa katika kozi iliyoidhinishwa. Maana yake ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye leseni yako ya kwanza. Ile ya biashara, ambayo ndiyo ya kujipatia riziki, huhitaji saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, kwa hiyo safari bado ni ndefu, na ni vema ulijue hilo kabla hujaamua. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12 kwa mtu wa umri wako. Basi usikimbilie kukilipia sasa hivi wakati huna ndege ya kurusha. Kilipie utakapokuwa na tarehe mkononi. Wakati ndege ziko chini, omba kuingia karakana. Kaa na fundi anapofungua injini ile ile iliyokuzuia, mshikie taa, muulize hiki ni nini na kile kimechakaa kwa nini. Kuna marubani wanaojua kuruka tu, na wako wanaojua wamekalia nini. Pengine huko karakanani utagundua kwamba moyo wako uko kwa ufundi kuliko usukani, na nchi hizi zina njaa ya mafundi wa ndege kama zilivyo na njaa ya marubani.

Habari ya pikipiki, hatuidharau kazi yoyote ya halali. Ukiifanya kwa miezi michache ili usiwe mzigo kwa baba yako wakati mnadai haki yenu, hakuna aibu, na wala usijifiche kofiani unapopita barazani. Ila usiinunue kwa hasira, ukauza vitabu vyako ili kuongezea bei yake.

Na ninyi wa barazani pale Kidahwe, ambao kwa hakika mtausoma ukurasa huu kwa kuwa gazeti hili hufika hapo na kupitishwa mkono kwa mkono: jina mlilompa mwenzenu lina utani mzuri, hatukatai, nasi tulicheka kabla ya kuona haya. Lakini ndege haikusimama kwa uzembe wake. Mwiteni jina lake alilopewa na wazee wake.

Chini ya barua ya baba, kwa mwandiko mwingine, mdogo na ulionyooka, kijana ameongeza mstari mmoja ambao nadhani baba hakuuona. Anauliza: akihamia chuo kingine, zile saa 31 zitahesabiwa, au ataanza upya?

Zitahesabiwa, madhali zimeandikwa katika daftari lako la saa za kuruka, kila safari na tarehe yake, namba ya ndege na sahihi ya mwalimu. Ila lile punguzo wanalolipata walio katika kozi iliyoidhinishwa huenda ukalikosa usipobeba pia taarifa kamili ya mafunzo yako kutoka chuo cha kwanza, masomo uliyofanya angani moja moja na namna ulivyopimwa. Taarifa hiyo iombe sasa, kabla walimu waliokufundisha hawajaondoka kutafuta kazi kwingine. Na hilo daftari lichukue mwenyewe, usiliache ofisini kwao.